Kutohesabiwa sio sifuri, jamani

Nimeshalisema hili kwenye magrupu ya mpira wa kikapu mpaka nimechoka, na bado juzi mtu kaposti tena ile karatasi ya mechi ya New York na Toronto ya 1946, kaizungushia duara jekundu, kaandika "rebaundi hakuna, bloku hakuna, stili hakuna, hawa wazee walikuwa wanacheza nini?" na chini yake watu wanacheka tu. Rebaundi ni kudaka mpira ulioshindwa kuingia, bloku ni kuzuia shuti, stili ni kumpokonya mpinzani mpira. Mimi ni mtu wa mezani, nashika stats (takwimu) za ligi kila wikiendi, hii kitu inaniuma kweli. Leo naandika kwa urefu ili nikiulizwa tena niwe natuma link.

Mechi yenyewe ilipigwa tarehe 1 Novemba 1946, Maple Leaf Gardens, Toronto, ukumbi wa hoki ya barafuni. Knicks ya New York 68, Huskies ya Toronto 66. Ligi siku hiyo inaitwa BAA, jina la NBA limekuja 1949 ilipoungana na ligi nyingine, NBL, ila NBA wanaihesabu kama mechi yao ya kwanza kabisa. Kikapu cha kwanza kafunga Ossie Schectman wa Knicks, akamaliza na 11. Leo Gottlieb 14, Tommy Byrnes 10. Upande wa pili Ed Sadowski 18, George Nostrand 16.

Sasa mbona hakuna rebaundi? Kwa sababu hakuna aliyekuwa anaziandika, basi! Ligi imeanza kuandika rebaundi msimu wa 1950-51. Dakika za mchezaji, 1951-52. Stili na bloku mpaka 1973-74, na turnova (kupoteza mpira) za mchezaji mmoja mmoja 1977-78. Halafu tumia akili kidogo tu: msimu ule wa kwanza ligi nzima ilikuwa inaingiza kama asilimia 28 ya mashuti, yaani katika kila mashuti kumi saba yanagonga chuma, sasa hiyo mipira ilikuwa inaenda wapi? Ilikuwa inagombaniwa usiku kucha pale chini ya ringi. Rebaundi kipindi hicho zilikuwa nyingi tu.

Pointi tatu, zile za shuti la nje ya mstari wa mbali, usizichanganye humo. Hizo zimeanza 1979-80, kabla ya hapo mstari wenyewe haupo NBA, kwa hiyo Gottlieb kweli kabisa hakufunga tatu hata moja usiku ule. Rebaundi zilitokea hazikuandikwa, pointi tatu hazikutokea. Kwenye karatasi nafasi zote mbili ziko wazi na maana yake ni mbalimbali kabisa, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Mfano unaonikera kuliko yote ni wa George Mikan, senta (mchezaji mrefu wa chini ya ringi) wa miaka ile. Jamaa anachukua rebaundi zake zote, 4,167, anagawa kwa mechi zake zote, 439, anapata 9.5, anakuja mbio kwenye grupu kwamba "senta mkubwa kuliko wote enzi zile hakufika hata kumi". Lakini ukifungua rekodi yake utakuta wastani ni 13.4. Kwa nini? Kwa sababu msimu wa 1948-49 alicheza mechi 60, na 1949-50 mechi 68, na misimu hiyo miwili rebaundi haziandikwi. Toa hizo 128 zinabaki mechi 311, gawa tena, 13.4 hiyo hapo. Yule jamaa kampa Mikan sifuri kwenye mechi 128 ambazo alikuwa anadaka mipira kama kawaida, na ukimwambia anakujibu "mimi nafuata namba tu". Namba gani sasa? Hiyo sifuri kaitunga mwenyewe.

Bloku ndio kichekesho kikubwa zaidi. Orodha ya muda wote inaanza na Hakeem Olajuwon, 3,830, anafuata Dikembe Mutombo wa Kongo, 3,289. Bill Russell na Wilt Chamberlain, masenta wakubwa wa zamani, huwaoni: Russell kastaafu 1969, Wilt naye kamaliza 1973, kabla bloku hazijaanza kuandikwa. Rekodi ya bloku kwenye mechi moja ni 17, ya Elmore Smith, Oktoba 1973, yaani msimu ule ule walioanza kuhesabu ndio rekodi ikawekwa na haijavunjwa hadi leo! Hilo peke yake lilitakiwa limfanye mtu ajiulize huko nyuma kulikuwa na nini.

Hata kilichoandikwa kinataka jicho. Rudi kwa Sadowski. Ukiona 18 unadhani kacheza mechi nzima, ila angalia safu ya faulo, ana tano, na msimu ule tano zinakutoa nje. Alitoka mapema kwota ya tatu, 18 zake zote ni za kama nusu ya mechi. Dakika haziandikwi, kwa hiyo mtu anayesoma pointi peke yake hawezi kuliona hilo. Kwangu mimi ile tano ndio namba yenye habari kubwa kuliko zote kwenye karatasi ile.

Na tusidanganyane, kuna namba zilizoandikwa ambazo mimi siziamini sana. Asisti kwa mfano, yaani pasi inayozaa kikapu. Msimu ule Ernie Calverley aliongoza ligi kwa 3.4 kwa mechi, leo pointigadi (mchezesha timu) wa benchi anafika hapo. Ile asilimia ndogo ya mashuti yaliyoingia inaeleza sehemu, maana pasi nzuri ikifuatiwa na kukosa haiandikwi popote, ila sehemu nyingine ni mkono wa aliyeshika kalamu, na hata leo ukituweka watu wawili mezani pasi moja mmoja ataandika asisti mwingine ataiacha. Kulinganisha asisti za 1946 na za sasa mimi sifanyi kabisa.

Kwa wanaoshika stats za ligi zetu mitaani, hasa mnaotumia Excel: kama hukuhesabu bloku za mechi ile, kisanduku kiache kitupu. Fomula ya AVERAGE inaruka kisanduku kitupu, lakini ukiweka 0 inakihesabu, na senta wako aliyepiga bloku nne huku msaidizi wako kaenda kununua maji atashushwa wastani msimu mzima.