Hakuuawa wakati wa wimbo wa shetani

Wengi husimulia kwamba Meredith Hunter, kijana wa miaka 18, alichomwa kisu kwenye tamasha la muziki la Altamont, California, tarehe 6 Desemba 1969, bendi ya Rolling Stones ikiimba “Sympathy for the Devil” (“Huruma kwa Shetani”). Kisa kinanoga hivyo, lakini sivyo. Wimbo huo ulikatizwa na vurugu, ukaanza upya, ukaisha. Hunter aliuawa baadaye, bendi ikipiga “Under My Thumb”. Ushahidi umo kwenye Gimme Shelter (1970), filamu ya matukio halisi ya tamasha hilo, na nadhani ndiyo sababu haichuji: Mick Jagger, mwimbaji wa bendi, amekaa kwenye meza ya uhariri, mkanda unarudishwa nyuma, unasimamishwa. Bastola ya Hunter inaonekana, nyeusi, juu ya gauni jepesi la kufuma la mpenzi wake. Jagger anatazama.