73–0: Washington haikuwa kibonde

Ukitazama matokeo ya fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya soka la Kimarekani, ya tarehe 8 Desemba 1940, Chicago Bears 73, Washington 0, ni rahisi kudhani kibonde alipenya fainali kwa bahati. Sivyo hata kidogo. Washington walimaliza msimu na ushindi 9 na vipigo 2; Bears walikuwa na 8 kwa 3. Tena wiki tatu tu kabla, Washington waliwafunga Bears hao hao 7–3, na mmiliki wao, George Preston Marshall, akawabeza wapinzani kuwa ni walialia. Domo hilo lilimponza.

Wengine husifu tu mpangilio wa T (washambuliaji wa nyuma wakijipanga kwa umbo la herufi T) wa kocha wa Bears, George Halas. Kweli ulichangia: mapema kabisa, Bill Osmanski wa Bears alichomoka na mpira yadi 68 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la goli la wapinzani. Lakini tazama ulinzi wa Bears. Walinasa pasi 8 za Washington, tatu kati ya hizo zikarudishwa moja kwa moja kuwa tachidauni. Washington, wakiwa nyuma, walilazimika kurusha mipira hovyo, na kila iliponaswa pengo lilizidi.

Mapema, matokeo yakiwa bado 7–0, Charley Malone wa Washington aliidondosha pasi ya mrushaji wao, Sammy Baugh, karibu na mstari wa goli. Baugh alipoulizwa kama pasi hiyo ingedakwa ingebadili mambo, alijibu kwamba ndiyo, ingekuwa 73–7. Nadhani alikuwa anatania nusu tu.