Logi tupu siyo ushahidi kwamba bakapu imeenda sawa

Wiki hii tena jamani. Kijana kanitumia picha ya terminali, ananiambia bakapu (nakala ya akiba) iko poa maana logi, yaani faili la kumbukumbu za amri, haina hata mstari mmoja wa kosa. Amri yenyewe hii, tar ni programu ya kufunga folda kuwa faili moja:

`tar -czf bakapu.tgz /data > logi.txt`

Inaendeshwa na cron (programu inayoendesha amri kwa ratiba) saa nane usiku, hakuna anayeangalia skrini. Nikamwambia hebu iendeshe kwa mkono, na akaunti ileile. Skrini ikajaa Permission denied (huna ruhusa), folda nzima ya mahesabu haikuingia kwenye bakapu, na logi.txt bado ina baiti 0!

Alama ya `>` HAICHUKUI kila unachokiona kwenye skrini. Programu inatoa maneno kwa njia mbili, namba 1 ni matokeo na namba 2 ni makosa, na `>` inashika namba 1 peke yake. Tena inafuta faili la zamani kabla amri haijaanza, ndo maana `sort majina.txt > majina.txt` inakuachia faili tupu. Ukitaka kuongezea chini weka `>>`. Basi, hilo limeisha.

Kinachoniumiza kichwa ni watu kunakili `2>&1` halafu wanaichomeka popote.

`tar -czf bakapu.tgz /data 2>&1 > logi.txt`

Hapo makosa bado yanaenda kwenye skrini, kwa sababu sheli (programu inayopokea amri unazoandika) inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na `2>&1` maana yake namba 2 aende pale alipo namba 1 sasa hivi, siyo amfuate maisha yake yote. Sasa hivi namba 1 yuko kwenye skrini, namba 2 anaenda skrini, halafu namba 1 anahamia kwenye faili na mwenzake anabaki kulekule. Geuza, `> logi.txt 2>&1`, wote wanaingia.

Ukitaka kuona na kuhifadhi kwa pamoja tumia `2>&1 | tee logi.txt`, ila kwenye bash weka kwanza `set -o pipefail`, bila hivyo tar ikifeli skripti inapokea jibu la tee (programu inayoonyesha na kuandika kwenye faili kwa wakati mmoja), ambayo yenyewe haijafeli.

Na hapa niseme ukweli, mfuatano wa mistari kwenye logi ya namna hii mimi siuamini sana. Programu nyingi zikiandika kwenye faili zinalimbikiza matokeo kwanza ila makosa zinayatoa papo hapo, kwa hiyo kosa la mwisho laweza kutokea juu kabisa. `stdbuf -oL`, inayotoa matokeo mstari kwa mstari, inasaidia kwa baadhi, kwa Python ni `python3 -u`, dawa ya programu zote sijaipata.