Chapa ya Mchonga Sanamu: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kazi za Skrini na Kolaji

Mjini Kisumu, ni nadra kumpata mtu ambaye hajawahi kushika kazi ya skrini mikononi mwake. Fulana ya kampeni, fulana ya mazishi yenye picha ya marehemu, leso ya kikundi cha akina mama: nyingi kati ya hizo hupitia kwenye fremu iliyotandazwa kitambaa chenye matundu madogo, fundi akausukuma wino kwa ubapa wa mpira hadi upenye na kuacha umbo upande wa pili. Basi mtu anapoelezwa kwamba karatasi iliyochapwa kwa njia hiyo hiyo, ikatiwa sahihi ya penseli na namba, huhifadhiwa katika makumbusho na kugombewa mnadani, ana haki ya kushangaa. Mazoea hayo, hata hivyo, yamezaa dhana kadhaa zisizo sahihi, ambazo nitazipima hapa kwa kazi za mtu mmoja: Eduardo Paolozzi, mchonga sanamu aliyezaliwa Leith, Uskoti, mwaka 1924 katika familia ya Kiitalia, na kufariki London mwaka 2005.

Dhana iliyo mama wa nyingine zote ni kwamba chapa ni nakala tu, na kwamba kazi halisi iko mahali pengine, pengine ukutani kwa tajiri fulani. Hilo ni kweli kwa bango linalonakili mchoro wa rangi za mafuta, lakini si kweli kwa chapa iliyokusudiwa kuwa chapa tangu mwanzo. Mwaka 1965 Paolozzi alitoa mfululizo wa chapa 12 za skrini uitwao "As Is When", uliotokana na maisha na maandishi ya mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Zilichapwa London katika karakana ya Kelpra Studio, zikatolewa na Editions Alecto, na kila chapa ilikuwa na nakala 65 zilizopewa namba. Ni kweli kwamba Paolozzi alianza kwa mkasi na gundi, akikusanya vipande vya karatasi zilizokwisha kuchapwa na kuvipanga upya. Lakini kolaji zile, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, zilikuwa maandalizi, si kazi yenyewe. Kila rangi ilihitaji stensili yake, yaani kizuizi kinachoacha wazi umbo la kupitisha wino, na mpito wake wa wino, na mpangilio wa rangi anaouona mtazamaji leo ulikamilika juu ya karatasi ya chapa, si kabla yake. Anayetafuta "ile halisi" nyuma ya nakala hizo 65 atatafuta bila kupata, kwa kuwa kila moja kati yake ni halisi.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la wasiosoma sanaa. Mwaka 1964, kamati ya kitaifa ya sanaa ya chapa nchini Ufaransa ilitoa tafsiri iliyotambua kuwa chapa halisi zile tu zilizobuniwa na kutekelezwa kwa mkono wa msanii mwenyewe, na ikazitupa nje mbinu zote za kimashine na za kifotografia. Kwa kipimo hicho, "As Is When", iliyotoka mwaka uliofuata, isingestahili kuitwa chapa halisi hata kidogo. Wakati umeikataa tafsiri hiyo, na makumbusho makubwa yenyewe yamekusanya kazi za aina hii, ila kivuli chake bado kinaonekana kila mnunuzi anapouliza, kwa sauti ya mashaka, kama "ilifanywa kwa mkono".

Swali hilo linatufikisha kwenye dhana ya pili: kwamba sahihi ya penseli chini ya karatasi inathibitisha kuwa msanii alifanya kila kitu peke yake, na kwamba akibainika kusaidiwa, basi kuna udanganyifu. Ukweli ni kwamba fundi aliyezichapa kazi hizo, Chris Prater, aliyeanzisha Kelpra pamoja na mkewe Rose mwaka 1957, alikuwa mmoja wa wachapaji mahiri wa Uingereza katika kizazi chake. Baadhi ya stensili alizikata kwa wembe, na nyingine zilitengenezwa kwa emulsheni inayogandishwa na mwanga, ambayo huacha wazi zile sehemu tu zinazopaswa kupitisha wino. Msanii alibuni, akachagua, akakubali au kukataa. Sahihi yake ni tamko kwamba nakala hiyo imefikia alichokitaka. Wasomaji walio karibu na Kisii wanaujua utaratibu wa namna hii bila kufunzwa: kule Tabaka, mwenye kuchonga jiwe mara nyingi si mwenye kulisugua na kuling'arisha, wala hakuna anayedai kwamba sanamu ile imeghushiwa kwa sababu ya mikono ya pili. Kwa mchonga sanamu, ambaye kazi zake za shaba hazikamiliki bila mafundi wa kalibu, kushirikiana na mchapaji hakukuwa jambo la kuficha.

Wapo pia wanaosema kwamba mchonga sanamu akigusa karatasi anatafuta riziki ya pembeni. Kwa Paolozzi, dai hilo linageuza mambo juu chini. Kolaji yake "I was a Rich Man's Plaything" ni ya mwaka 1947, alipokuwa bado kijana, na mwaka 1952 aliwaonyesha wenzake huko London, kwa projekta, kurasa na vipande alivyovikata kutoka magazeti, tukio ambalo wanahistoria wengi hulihesabu miongoni mwa chimbuko la sanaa ya pop, ile inayotumia picha za matangazo na magazeti ya kawaida. Sanamu zake za miaka ya 1950 alizijenga kwa mabamba ya nta yaliyogandamizwa vifaa vilivyotupwa na vipuri vya mashine, kisha akayaunganisha na kuyamimina kwa shaba. Zile za miaka ya 1960 zilitokana na vipande vya alumini vya kihandisi. Kuokota, kukata, kuunganisha: mbinu ni ile ile, iwe ni chuma au karatasi. Kama ningelazimika kuamua, ningesema sanamu zake ndizo zilizoifuata kolaji.

Tahadhari moja ya kiufundi inafaa hapa, kwa kuwa maelezo ya wauzaji huchanganya vitu viwili. Kuna chapa ambayo kolaji yake imegeuzwa kuwa wino mtupu, na uso wake wote ni bapa. Na kuna karatasi ambayo baada ya kuchapwa hubandikwa vipande halisi, kama ilivyo katika baadhi ya karatasi za mkusanyo wa "Bunk" alioutoa mwaka 1972 kutokana na vipande vyake vya zamani. Mtu anaweza kuzitofautisha kwa kuelekeza mwanga kutoka ubavuni: kipande kilichobandikwa kitatupa kivuli chembamba ukingoni. Kuhusu lenzi ya kukuza, ambayo siku hizi kila mjuzi huipendekeza, nina neno. Ni kweli kwamba vitone vidogo vya rangi nne vilivyopangika kama maua huashiria bango la kiwandani. Lakini Paolozzi alikuza picha za magazeti pamoja na vitone vyake, hivyo kuona vitone si ushahidi wa kughushi. Cha kutazamwa ni kama kitone chenyewe ni tabaka la wino mzito lenye ukingo safi.

Namba nazo zina hadithi zake. Husemwa kwamba 1/65 ni bora kuliko 60/65. Katika mbinu zinazokwaruza bamba la shaba, bamba huchakaa, na nakala za mwanzo huwa kali zaidi. Stensili ya skrini haichakai kwa kiasi hicho katika nakala 65, na mara nyingi namba hutiwa baadaye bila kufuata mpangilio wa uchapaji. Hali ya karatasi ina uzito kuliko tarakimu.

Na hali ya karatasi ndipo dhana ya hatari zaidi katika mji wetu ilipo, yaani kwamba kazi ya karatasi inalindwa kwa kupigwa laminesheni. Vyeti vyetu vya shule vimepitia huko, na hati za ardhi pia, hata kitendo chenyewe kimekuwa ishara ya kujali. Kwa chapa yenye kolaji ni uharibifu usiorudishika: joto la mashine huilainisha gundi na kuvihamisha vipande, plastiki hushikamana na wino, na hakuna mhifadhi atakayeibandua bila kuondoka na sehemu ya kazi. Selotepu ya nyuma si afadhali, kwa kuwa gundi yake huacha doa la manjano. Njia sahihi ni kadi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha na yenye unene wa kutosha ili kioo kisiguse karatasi. Mwanga uwe hafifu, makumbusho mengi yakishikilia luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa kazi za karatasi, na jua la dirishani lizuiwe kabisa, maana miale ya urujuanimno huifisha rangi. Kisumu, palipo na unyevunyevu wa ziwa, fremu isiegemezwe moja kwa moja kwenye ukuta wa nje; vipande vidogo vya kizibo nyuma yake huacha hewa ipite, na vilevile huwanyima nafasi kuvu na wadudu wanaofuata gundi ya wanga. Kolaji huathirika mapema kuliko chapa tupu, kwa kuwa kila aina ya karatasi hutanuka na kunywea kwa kiasi chake, na ukingo wa kipande huanza kuinuka.

Dhana ya mwisho huwahusu wachapaji wa fulana moja kwa moja: kwamba aliyeinunua chapa amenunua na ruhusa ya kuichapa tena. Mnunuzi humiliki karatasi. Hakimiliki hubaki kwa msanii na warithi wake. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na kwa sheria ya Uingereza ni miaka 70. Kwa msanii aliyefariki mwaka 2005, hiyo ni hadi mwisho wa mwaka 2055 hapa, na 2075 kule. Mwenye kutaka kuweka picha ya Paolozzi kwenye fulana anapaswa kwanza kupata kibali cha wenye hakimiliki, hata kama chapa yenye sahihi inaning'inia sebuleni kwake.