Je, wajua? Desemba 9 ya Uhuru na Desemba 9 ya Jamhuri

Uliza kijiweni Kiborloni, hapa Moshi, Nyerere alianza lini kuwa Rais. Wengi watakujibu bila kusita: Desemba 9, 1961. Siku wameipata, mwaka wameukosa.

Tanganyika ilipopata uhuru, Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na aliyemwakilisha Dar es Salaam ni Richard Turnbull, yule yule gavana wa mwisho wa kikoloni, sasa akiwa Gavana Mkuu. Hebu fikiri: Luteni Alexander Nyirenda anasimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, kilele alichokiita Mjerumani Hans Meyer kwa jina la Kaisari Wilhelm kinakuwa Uhuru, na bado mkuu wa nchi yuko London!

Je, uhuru ulikuwa nusu? Hapana, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Chukua kijana wa Kibosho aliyekatiwa kihamba, yaani kipande cha shamba la ukoo. Migomba anapalilia yeye, kahawa anauza yeye, wala hamuulizi mtu avune lini. Ila ukoo ukikaa, kihamba bado kinatajwa kwa jina la babu. Ndivyo ilivyokuwa: sheria zilitiwa saini kwa jina la Malkia, lakini zilitungwa na Bunge la hapa, na Gavana Mkuu alifuata ushauri wa mawaziri. Kilichobaki Uingereza kilikuwa jina zaidi kuliko nguvu, ingawa kisheria jina hilo lilikuwa na uzito wake.

Kuliondoa kulihitaji katiba mpya. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu ili akakijenge chama chake cha TANU, Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu. Novemba ukafanyika uchaguzi wa Rais: Nyerere dhidi ya Zuberi Mtemvu, na Nyerere akapata takriban asilimia 98 ya kura. Desemba 9, 1962 akaapishwa, Tanganyika ikawa Jamhuri. Ndiyo maana baadhi ya kalenda huandika “Uhuru na Jamhuri”. Tanzania yenyewe ilikuwa bado; Muungano ulikuja Aprili 26, 1964.

Majirani zetu Kenya walipita njia hiyo hiyo: uhuru Desemba 12, 1963, jamhuri Desemba 12, 1964. Na tarehe 9 yenyewe haikuwa chaguo la kwanza. Mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam Machi 1961 ulikuwa umepanga uhuru uwe Desemba 28.