Kifungu Kimoja, Miaka 19

Kila ninapofundisha siasa za Marekani, wanafunzi huniuliza nani alihongwa. Wanatafuta bahasha. Mimi huwafungulia sheria ya dawa ya mwaka 2003.

Sheria hiyo iliingiza dawa za kutumia nyumbani katika Medicare, bima ya afya ya wazee. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachomkataza waziri wa afya kupatana bei na kampuni za dawa. Mnunuzi mkubwa kabisa alikwenda sokoni amefungwa mdomo, huku wizara inayohudumia askari wastaafu, ya serikali hiyohiyo, ikiendelea kupatana bei na kununua kwa nafuu.

Tazama kura ilivyopigwa. Novemba 22, 2003, Baraza la Wawakilishi lilianza kupiga kura mnamo saa tisa usiku. Kwa kawaida dakika 15 hutosha. Safari hii zoezi liliachwa wazi kwa karibu saa tatu, viongozi wakiwabembeleza na kuwabana wabunge wao, mpaka sheria ikapita kwa kura 220 dhidi ya 215. Billy Tauzin, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoshiriki kuiunda, aliondoka bungeni mwanzoni mwa 2005 akawa mkuu wa PhRMA, chama cha kampuni kubwa za dawa. Sheria ilimtaka asubiri mwaka mmoja kabla ya kwenda mwenyewe kuwashawishi wenzake wa zamani. Kuongoza ofisi inayoajiri washawishi haikumkataza. Hili linanikera mpaka leo.

Upande wa uchaguzi, kampuni zimepigwa marufuku kumchangia mgombea moja kwa moja tangu 1907, na mtu binafsi ana kikomo: dola 3,500 kwa kila uchaguzi katika msimu wa 2025 na 2026. Lakini Januari 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya Citizens United kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo kumpigia debe mgombea au kumshambulia, mradi wasipange naye. Mbunge anayerudi kwa wapiga kura kila miaka miwili anajua hilo. Fedha ambayo haijatumika bado inamtisha, na hofu hiyo haiandikwi kwenye taarifa yoyote ya matumizi. Mpiga kura wa jimbo ana kura moja. Mwenye fedha hahitaji hata kuishi jimboni.

Kifungu kile kilitobolewa Agosti 2022, sheria mpya ilipomruhusu waziri kupatana bei ya baadhi ya dawa. Dawa 10 za kwanza zilianza kuuzwa kwa bei ya mapatano Januari 2026: Januvia ya kisukari, ambayo bei yake ya orodha ilikuwa dola 527 kwa mwezi, ikashuka hadi 113. Sheria hiyo inazilinda dawa za vidonge kwa takriban miaka 9 kabla ya bei ya mapatano, na zile zitokanazo na chembe hai miaka 13. Washawishi wa kampuni za dawa sasa wanataka hiyo 9 nayo iwe 13.