Barua ya Daktari Haiponyi Kichwa: Kwa Wachezaji wa Raga, Wazazi na Makocha

Tangu msimu wa raga za shule uanze, walimu wa michezo wameturudishia hapa kliniki barua kadhaa zinazomruhusu mchezaji kurejea uwanjani baada ya mtikisiko wa ubongo. Mhuri si wetu wala sahihi si zetu. Tunaamini wengi waliozileta hawakuwa na nia mbaya. Kijana alitaka kucheza na mechi ilikuwa Jumamosi. Hata hivyo ifahamike kwamba kughushi hati ni kosa chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 3. Anayeitumia akijua si halali naye ana kosa. Barua ya kliniki yetu huonyesha tarehe ya kuumia, tarehe ya kupimwa, hatua ambayo mchezaji amefikia na nambari ya usajili ya daktari. Ikikosa kimojawapo, mwalimu aikatae na atupigie simu.

Barua hutoka mwisho wa safari. Baada ya kuumia, mchezaji hupumzika saa 24 hadi 48, kisha hutembea, hukimbia polepole, hufanya mazoezi ya mpira peke yake, hufanya mazoezi na timu bila kugongana, hurudi kwenye mazoezi ya kugongana, ndipo acheze mechi. Kila hatua huchukua angalau siku nzima, na dalili zikizidi anarudi hatua moja nyuma. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa, ambao sisi tunauegemea, unataka siku 14 bila dalili yoyote akiwa ametulia kabla ya mazoezi ya kugongana, na hakuna mechi kabla ya siku 21. Siku ya kuumia ni siku sifuri. Tunasisitiza hilo kwa sababu kila wiki kuna mzazi anayeihesabu kuwa ya kwanza.

Na tafadhali, msitutajie tena wachezaji wa televisheni wanaotoka kupimwa dakika 12 na kurudi. Upimaji ule ni wa raga ya kiwango cha juu, wenye madaktari waliofunzwa na picha za video pembeni. Mwanafunzi anayeshukiwa kuumia kichwa hatoki kupimwa. Anatoka, na siku hiyo harudi. Wala si lazima awe amezimia. Wengi hawazimii kabisa. (Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma au mkono ukilegea, asiletwe kwetu: apelekwe hospitali kwa dharura.)

Wanaotuumiza roho ni wale waliopata mtikisiko mara ya tatu au ya nne. Kichwa kimeuma miezi. Mwanga wa simu unamchoma macho, kelele za matatu zinamchosha kabla hajafika darasani, anasoma ukurasa mmoja mara nne, na mama yake anatuambia kwa sauti ya chini kwamba hasira hizi si za mwanawe. Skani ya CT imesoma kawaida, basi nyumbani wanasema anajifanya. Skani hiyo hutafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko hauonekani humo.

Dalili zikipita wiki nne tunatafuta kinachozichochea. Mara nyingi shingo iliumia siku ile ile na inahitaji fiziotherapia. Wengine wana tatizo la mizani ya mwili na macho, ambalo lina mazoezi yake. Kumfungia mgonjwa chumba chenye giza kwa wiki nzima ni ushauri wa zamani, nao humrudisha nyuma. Siku hizi tunamtembeza kila siku kwa mwendo usioamsha dalili na kuuongeza kidogo kidogo. Dawa za maumivu za dukani zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa. Usingizi na huzuni hutibiwa kama sehemu ya jeraha, na shule huombwa imruhusu nusu siku na muda wa ziada kwenye mtihani. Kofia laini ya raga hulinda ngozi na masikio, haizuii ubongo kutikisika.

Wachezaji watu wazima hutuuliza kuhusu CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara, ambao daktari Mnigeria Bennet Omalu aliugundua mwaka 2002 katika ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Tangu Steve Thompson, bingwa wa dunia wa raga na Uingereza mwaka 2003, aeleze mwaka 2020 kwamba ana matatizo ya kumbukumbu na hakumbuki kutwaa kombe lile, maswali yameongezeka. Ugonjwa huo huthibitishwa baada ya kifo tu, kwa hiyo hatumpi aliye hai jina hilo. Kusahau kunaweza kuwa kwa usingizi mbovu, na hilo tunalitibu. Idadi kamili ya mitikisiko inayomlazimu mtu kustaafu haipo; tunaangalia kama kila pigo jipya ni dogo kuliko lililopita huku kupona kukizidi kuchelewa. Hapo tutakushauri uache, na hatutaandika barua nyingine.

Ukija, njoo na mtu mnayelala nyumba moja. Wewe utasema uko sawa. Yeye ndiye anajua ni mara ngapi umeacha jiko likiwaka.